Mtakapoondoka, Hawa Vijana Watabaki na Nani?

Hotuba kwa vijana wa misheni kutoka Tanzania, iliyotolewa Mbarara siku ya kuwapokea, kabla ya mwezi wao wa huduma katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale

Bwana Yesu asifiwe!

Wazee wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Mchungaji wetu na mama mchungaji, asanteni kwa nafasi hii. Na ninyi vijana mliotoka nyumbani, poleni sana na safari. Naijua ile barabara. Mwanza hadi Bukoba, Bukoba hadi Mutukula, foleni ya uhamiaji, kisha Masaka, ndipo mnakata kuja huku magharibi. Mtu akishuka Mbarara miguu imevimba. Kwa hiyo sitawachosha na salamu ndefu. Nina jambo moja tu la kuwaambia, na hilo nitalisema kwa kirefu, maana ndilo limekuwa likinikaa moyoni tangu niliposikia mnakuja.

Mimi ni binti wa Bukoba niliyeolewa huku Ankole. Kazi yangu kwa miaka mingi sasa ni vijana wa Nakivale: waliofika bila wazazi, walioacha shule, mabinti waliojifungua wakiwa bado watoto wenyewe. Katika kazi hiyo nimepokea vikundi vingi vya misheni. Wamekuja Wazungu, wamekuja Wakorea, wamekuja Wakenya, na leo mmekuja ninyi wa kwetu. Wengi wao niliwapenda, na wapo ambao hadi leo nawaombea kwa majina. Lakini wote waliondoka, na walipoondoka mimi na wenzangu tulibaki na watoto.

Ninachowaomba ni hiki. Mwezi wenu ni mfupi. Kijana aliyeumizwa haponi kwa mgeni wa mwezi mmoja, hata mgeni huyo awe mwombaji wa kiasi gani. Anapona kwa watu watakaokuwepo mwezi unaofuata, na mwaka unaofuata, na siku atakayofeli mtihani, na usiku atakaougua malaria. Basi huo mwezi wenu msiutumie kujipatia nafasi katika moyo wa mtoto. Utumieni kuwapa nguvu wale ambao tayari wana nafasi hiyo.

Najua baadhi yenu mnasema moyoni: huyu mama anatukatisha tamaa kabla hatujaanza. Hapana, wanangu. Nisikilizeni hadi mwisho.

Niwaeleze kwanza mahali mnapokwenda. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini mwa hapa tulipo, si mbali sana na mpaka wetu wa Tanzania. Ilianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi waliokuwa wakiikimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Wapo waliozaliwa pale, wakaolewa pale, wakazaa pale, na sasa wanalea wajukuu. Leo wengi wa wakazi ni Wakongo, na wapo Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Msitegemee kukuta uzio na geti. Tangu sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006, Uganda inamruhusu mkimbizi afanye kazi, atembee, afungue duka, na akifika hupewa kipande cha ardhi ajenge. Nchi hii inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na zaidi ya nusu yao ni watoto. Kwa hili Uganda inastahili heshima, na ninalisema kama mgeni niliyepokelewa hapa.

Lakini ardhi haimshibishi mtu aliyefika jana. Mwaka 2023, WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, iliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji wao, na kundi la tatu likaondolewa kwenye mgao. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua zaidi, shirika hilo likatangaza kwamba watu milioni moja hivi katika nchi hii hawatapata tena chakula chake. Na ni mwaka huohuo ambapo, kule mashariki mwa Kongo, Goma ilianguka mikononi mwa waasi mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, watu wakazidi kuvuka mpaka. Wanaokuja wanaongezeka na sufuria inapungua. Katika nyumba ya kawaida maana yake ni kwamba kijana wa kiume anaacha darasa akatafute leja-leja, kulima shamba la mtu kwa malipo ya siku. Na kwa binti, maana yake ni kwamba mwanaume mwenye pikipiki na fedha ya sabuni anaanza kuonekana mtu wa maana. Hayo ndiyo mtakayoyakuta. Mtoto hajakosa Injili; Wakongo wengi wa pale wanaimba na kuomba kuliko sisi. Amekosa mtu mzima asiyetikisika.

Sasa kuhusu Kiswahili. Mkifika Base Camp, mkifika New Congo, mtakisikia kila upande, Kiswahili cha Kivu, mashariki mwa Kongo, chenye ladha yake. Vikundi vingine hufanya kazi kupitia mkalimani. Ninyi mtaongea na watoto moja kwa moja. Ni baraka kubwa, na humohumo mna hatari. Mgeni wa mkalimani hupata salamu na nyimbo. Ninyi, siku ya pili tu, mtoto atakuketia pembeni aanze kukusimulia kilichotokea kule kwao Masisi, au Rutshuru, nani aliingia nyumbani, nani hakutoka. Atafungua kidonda chote kwa sababu unaongea kama shangazi yake. Na wewe umebakiza wiki tatu. Ukishapanda basi, yule mtoto atakuwa amempa mtu siri yake nzito kuliko zote, na mtu huyo hayupo.

Kwa hiyo akianza kusimulia, msikilize, usimkatize, usimchimbe. Usimuulize maswali ya kutaka kujua zaidi. Kisha mwambie kwamba kuna mama au kaka fulani hapa anayeweza kuendelea kumsikiliza, na siku hiyohiyo mpeleke umtambulishe. Siri yake ihamie kwa mtu anayebaki. Akikwambia kwamba kuna mtu anamdhuru sasa hivi, hapo usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Njoo kwangu au kwa mlezi wako kabla jua halijazama. Kuna utaratibu: mwenyekiti wa wakimbizi wa kijiji tunamwita RWC, kuna polisi, kuna afisa ustawi wa jamii wa wilaya ambaye huku wanamwita probesheni, na kuna simu ya watoto ya taifa, namba 116, inaitwa Sauti, haina malipo. Iandikeni hiyo namba leo kabla hamjalala.

Sasa niwasimulie habari ya kijana mmoja, kwa sababu yeye ndiye sababu ya mimi kusimama hapa na ukali huu.

Alifika kutoka Kongo akiwa na miaka kumi na minne, na mdogo wake mgongoni. Kule alikuwa amefika karibu mwisho wa shule ya msingi, kwa Kifaransa. Hapa masomo ni kwa Kiingereza, kwa hiyo akawekwa darasa la tatu, miguu haiingii chini ya dawati, anasoma na watoto wa miaka minane. Alivumilia muhula mmoja akaacha. Mzee mmoja fundi baiskeli, Mrundi, akamchukua kibandani kwake. Taratibu yule kijana akaanza kunyooka. Alijifunza kuziba pancha, kunyoosha ringi, akaanza kumnunulia mdogo wake sabuni. Jioni nilikuwa nawaona wawili hao, mzee na kijana, wameinama juu ya gurudumu moja bila kuongea, na nilikuwa namshukuru Mungu.

Kikaja kikundi cha misheni, sitataja cha wapi. Watu wema. Mmoja wao akampenda sana yule kijana, akapiga naye picha, akamwambia: wewe una akili, hupaswi kuwa hapa, nikirudi nyumbani nitakutafutia mfadhili usome sekondari Mbarara. Akamwandikia namba ya simu kwenye karatasi. Wiki iliyofuata kijana hakwenda kibandani. Alimwambia mzee kwamba anasubiri shule. Ile karatasi aliikunja akaitia ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, akaifunga kwa uzi isiloe mvua. Kila akipata shilingi mia tano alikwenda kwenye kioski cha sola kuchaji simu ya kuazima, akapiga, na namba haikupatikana. Miezi ikapita. Mzee alikuwa na kazi nyingi, akachukua kijana mwingine. Mdogo wake akarudi kunyong'onyea. Na yule kijana akaanza kukaa na kundi la pale sokoni ambalo usiku halilali.

Mtu aliyemwahidi hakuwa mwongo. Naamini alipokuwa akiahidi alikuwa anamaanisha, machozi yakimlengalenga. Lakini alirudi kwao, maisha yakamshika. Yeye alipoteza nini? Yule kijana alipoteza ufundi, na mzee, na mwaka mzima, na akajifunza kwamba watu wa Mungu husema tu. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kwa hiyo ahadi, hapana. Hata ahadi ndogo. Usimwambie mtoto "nitarudi", usimwambie "nitakutumia viatu", usimpe namba yako. Ukiwa na mzigo wa kumsaidia mtu, njoo uwaeleze walezi bila yeye kujua, tuone kama linawezekana, na likiwezekana lipitie mikononi mwa yule anayemlea, ili mtoto azidi kumheshimu mlezi wake na si kukuota wewe. Zawadi vilevile. Kama mmebeba viatu, madaftari, nguo, tafadhali leo usiku tukabidhini. Wazee wa kanisa la pale watajua nani apewe na lini. Mgeni akigawa pipi barabarani watoto hukimbilia kila gari linalopita, na si kila gari lina watu wema.

Na zile fulana zenu za kufanana, nzuri sana, mzivae siku ya ibada ya kufunga. Kabla ya hapo vaeni nguo zenu za kawaida.

Nimekuwa nikisoma habari za Paulo kule Thesalonike kwa jicho la mwenyeji. Alihubiri katika sinagogi sabato tatu, kama Matendo ya Mitume yanavyosimulia, watu wakaamini, kisha fujo zikazuka mjini. Wenye hasira walivamia nyumba ya nani? Ya Yasoni. Paulo hawakumkuta. Yasoni ndiye aliyekokotwa mbele ya wakubwa wa mji, na ndiye aliyetozwa dhamana ndipo akaachiliwa. Usiku uleule ndugu wakamtoa Paulo akaenda Beroya. Mgeni akaondoka salama, mwenyeji akabaki na majirani wenye hasira na mfuko uliopungua. Tumehubiriwa juu ya Paulo mara ngapi? Na juu ya Yasoni? Kila misheni ya muda mfupi ina Yasoni wake, na kesho mtawaona wenu kwa macho.

Simlaumu Paulo, ndugu wenyewe ndio waliomwondoa kwa usalama wake. Ninachokipenda ni alivyoishi akiwa pale na alivyofanya baada ya kuondoka. Akiwa pale alifanya kazi kwa mikono yake usiku na mchana asimlemee mtu. Alipoondoka hakuweza kutulia. Alikubali kubaki peke yake Athene ili Timotheo arudi kuwaimarisha wale aliowaacha na kumletea habari zao. Habari zilipofika akawaandikia, na wasomi wengi wanasema barua ile ni katika maandiko ya mwanzo kabisa ya Agano Jipya. Hebu lifikirini hilo. Maandiko haya yalianza na mmisionari aliyekaa muda mfupi mahali akashindwa kulala bila kujua waliobaki wanaendeleaje.

Na historia ya hapa Uganda ina jambo lilelile, tena linatuhusu sisi watu wa Kiswahili. Mwaka 1875 Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kisha barua yake ya kuwaita wamisionari ikachapishwa London katika gazeti la Daily Telegraph. Barua hiyo kila kitabu cha historia ya kanisa kinaitaja. Lakini Stanley aliendelea na safari yake. Aliyebaki ikuluni kumfundisha Mutesa alikuwa kijana Mwafrika, Dallington Muftaa, aliyekuwa ameokolewa katika utumwa na kusomeshwa Zanzibar na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Kijana mdogo, hana jeshi, hana gazeti. Alimsomea Kabaka Maandiko, akamfasiria, akamwandikia barua zake. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, walipofika mwaka 1877 walikuta kazi imekwisha kuanza. Na miaka tisa tu baadaye, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa ikulu hiyohiyo, sasa chini ya Kabaka Mwanga, walichomwa moto Namugongo kwa kukataa kuiacha imani. Tunakwenda kuhiji kila mwaka. Mimi huwa nikifika pale namkumbuka na yule aliyebaki.

Wakongo mtakaokutana nao nao wana wa kwao. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Mboga, ambayo leo iko Kongo, mwaka 1896. Akapigwa, akafungwa, akaja kurudi tena hukohuko, na huko ndiko alikofia mwaka 1933. Mkiwapata Waanglikana wa Kongo jioni moja, waulizeni habari zake, mtaketi hadi usiku.

Sasa mwezi wenu utakuwaje? Kila mmoja wenu tumempangia mtu. Si mtoto, mtu mzima. Wengi mtakwenda kwa kina mama walezi, wale waliopokea watoto wasio na wazazi wakawaweka pamoja na wa kwao. Kuna mama mmoja wa Kivu Kaskazini mtakayemwona kesho, ana watoto wake na wengine aliowapokea njiani, wote chini ya turubai na nusu bati. Anaamka saa kumi usiku kupanga mitungi kwenye foleni ya maji, akichelewa bomba linafungwa. Mchana analima. Jioni anapika posho, yaani ugali, na maharage, kisha ndipo watoto wanaanza kila mmoja na lake: huyu ana homa, huyu amepigana, huyu hajasema neno tangu asubuhi. Huyo mama haombi semina. Anachohitaji ni mtu wa kusimama kwenye ile foleni ya maji mwezi mzima, ili saa hizo mbili alale, au aende kwenye kikoba chake cha akiba ambacho amekikosa wiki kadhaa. Akipumzika, jioni atakuwa na masikio. Na mtoto yule asiyesema neno atasema kwake, si kwako. Hiyo ndiyo misheni ninayoizungumzia. Ukipukuchua mahindi yake na kumzibia bati lake, umemhudumia mtoto kwa njia ambayo haitakatika utakapopanda basi.

Wengine mtakwenda kwa mafundi: cherehani, saluni, baiskeli, seremala. Mwenye ufundi afundishe fundi mbinu mpya, fundi awafundishe vijana wake. Wale walimu wawili mlionao, Mungu awabariki, tutawakalisha na walimu wa kujitolea wa Kiingereza, wale wanaowasaidia vijana wakubwa kuvuka lile tatizo la darasa la tatu nililolisema. Msiwafundishie wanafunzi wao wakiwa wamekaa pembeni kama wageni katika darasa lao. Tayarisheni nao masomo, watengenezeni madaftari ya kufundishia yatakayobaki.

Mpira chezeni, sana tu. Mtakuta mpira wa kaveera uliosokotwa kwa nyuzi za mgomba, unadunda vizuri kuliko mnavyodhani. Ila kocha awe wa pale.

Mtaniuliza kwa nini hatukujenga kituo cha yatima, maana nimeulizwa na kila kikundi, na wengine walikuja na ramani ya jengo tayari. Sababu ni kwamba wengi tunaowaita yatima wana mtu. Vita hutawanya watu kwa usiku mmoja, huyu akavukia Bunagana, huyu akapitia Rwanda. Nimeona kaka na dada waliodhaniwa hawana mtu kabisa, kisha kupitia Msalaba Mwekundu, wanaotafuta ndugu waliopotezana, shangazi yao akapatikana Rwamwanja, makazi mengine ya wakimbizi hapa Uganda, amekuwa akiwalilia kama waliokufa. Kama tungekuwa na jengo zuri lenye vitanda na picha ukutani, nani angehangaika kumtafuta shangazi? Jengo likishakuwepo linataka watoto wa kulijaza. Na Bunge la nchi hii liliporekebisha Sheria ya Watoto mwaka 2016, likauacha ulezi wa kisheria wa mtoto kwa raia wa Uganda peke yao, maana wageni walikuwa wakiutumia kuwachukua watoto nje ya nchi, lilikuwa limeona jambo hilohilo. Fedha ya tofali ni bora iwe nauli ya kumfikisha mtoto kwa nyanya yake.

Lipo jambo jingine, na hili nawaomba mlipokee kwa unyenyekevu kwa sababu linagusa namna tunavyoomba.

Mtakutana na binti anayepiga kelele usiku. Mtakutana na kijana anayeanguka na kutetemeka mlango ukibamizwa kwa nguvu. Katika ibada atatokea mtu aanze kulia asinyamaze. Na ninyi ni watu wa maombi, mikono itawawasha. Mtataka kumzunguka, kumwekea mikono, kukemea kwa sauti kuu. Nimeona binti wa miaka kumi na sita, aliyeshuhudia baba yake akiuawa mlangoni pa nyumba, akizungukwa na watu wazima wanane wasiojulikana, wanaume kwa wanawake, wakimshika mabega na kumpigia kelele usoni kwamba pepo amtoke. Alikuwa anawaona wale watu wa usiku ule. Alipozimia walishangilia. Ilituchukua muda mrefu mno kumrudisha kanisani, na hadi leo anakaa karibu na mlango.

Mimi naamini Yesu anafungua watu. Nimeona na nimefunguliwa. Lakini moyo uliovunjwa na vita ni moyo uliovunjwa, na Maandiko yanatuambia Bwana yu karibu nao. Yu karibu, hapigi kelele. Kwa hiyo akianza mtu kutetemeka, mwiteni mlezi wake, wekeni nafasi, mleteeni maji, mwambieni kwa sauti ya kawaida kwamba yuko Nakivale, yuko kanisani, ni mchana, yuko salama. Ombeni kimya. Baadaye kuna wataalamu wa ushauri tunaoshirikiana nao, na kuna kituo cha afya. Asiambiwe mtoto yeyote kwamba maumivu yake ni shetani wake.

Na msiwasimamishe jukwaani kutoa ushuhuda wa waliyopitia. Wala msiwapige picha. Najua wafadhili wenu nyumbani wanasubiri picha. Pigeni picha za foleni ya mitungi, za bati mlilolizibia, za ziwa jioni, za nyuso zenu wenyewe mkiwa mmechoka. Uso wa mtoto asiyeweza kukataa si wa kuonyeshwa kwenye skrini Dar es Salaam.

Haya mengine ya kawaida mmeyasikia kwa viongozi wenu: hakuna kukaa na mtoto peke yako nyuma ya mlango uliofungwa, hakuna kutembea naye usiku, vibali vya ofisi ya Waziri Mkuu vibebwe kila siku na kiongozi wa msafara. Sitayarudia.

Mtakaporudi nyumbani, fanyeni alivyofanya Paulo. Tafuteni Timotheo wenu. Kanisa lenu limteue mtu mmoja, si kamati, mtu mmoja mwenye jina, ambaye kila mwezi atampigia simu mwenyeji wenu na kuuliza: yule mama wa foleni ya maji anaendeleaje? Yule fundi bado ana vijana wangapi? Mmepungukiwa nini? Na mwakani mkipata nafasi ya kuja, waje baadhi ya hawahawa, kwa watu walewale. Kikundi kipya kila mwaka kinaanza na salamu kila mwaka. Nikichagua kati ya watu thelathini wapya na watatu waliorudi, nawachukua watatu.

Wapo kati yenu, naliona kwenye nyuso, ambao Mungu atasema nao habari ya kubaki. Si mwezi huu. Nendeni nyumbani, ombeni, semeni na wazazi wenu, kamilisheni masomo. Likizidi kuwaka baada ya mwaka, nitafuteni. Nyumba yangu mnaijua.

Nimesema vya kutosha, na wenye kazi yao wamekaa kule nyuma tangu asubuhi wakinisikiliza kwa uvumilivu. Wamefika kwa gari la alfajiri kutoka Nakivale ili wawapokee wenyewe, na watatu kati yao wamewaacha watoto kwa majirani. Nawaomba waje mbele hapa. Kila mmoja atajitambulisha, ataeleza nyumbani kwake kuna nani na anahitaji nini kwa mwezi huu, halafu ataita jina la kijana aliyepangiwa. Ukisikia jina lako, simama, umwamkie mlezi wako, uketi karibu naye. Tuanze na mama wa Kivu. Karibu mama, kipaza sauti hiki hapa.